Kabla Mlango Haujafungwa

Jumatatu, tarehe 4 Februari

Abiria kumi na mmoja leo. Sita wamekubali kusema. Nimeandika maneno yao uwanja wa ndege, kwenye meza iliyo karibu na mizani, jasho likidondoka kwenye karatasi.

Daftari la maneno hayo si langu. Ni la kampuni ya ndege. Wakubwa wao wa Goma wanataka kujua abiria wameonaje safari. Mjomba Salumu, kaka yake Mama, ndiye anayewawakilisha hapa Kindu, na mwandiko wake ni wa kuku. Kwa hiyo nikitoka shule nakuja. Abiria wanasema, mimi naandika. Jioni nalibeba nyumbani kusahihisha.

Mfanyabiashara wa chumvi: nilikalia gunia la mchele, mchele unashika mwili kuliko chumvi, nikasinzia. Mama mwenye mtoto: nilipewa maji kwenye kikombe, si kwenye kopo. Mwalimu mmoja: tuliulizwa majina yetu.

Hakuna aliyesema habari za mawingu. Wote wanaanza na jinsi walivyosemeshwa.

Wao wametoka huko nje. Mimi sijatoka Kindu tangu nilipokuwa darasa la tano. Njia ya Kibombo imefungwa, ya Kampene imefungwa. Reli imeota majani. Shamba letu liko mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, lakini sasa ni mbali kama Ulaya. Waliokwenda kule kuchuma sombe, majani ya muhogo, mwezi uliopita hawakurudi.

Shuleni tunaandika Kifaransa. Hapa naandika Kiswahili alichonifundisha Baba kabla hajafa. Na sheria yake: usiandike usichokiona wala usichokisikia.

Jumatano, tarehe 6 Februari

Jicho la kushoto la Bibi, mama yake Baba, limezimika kabisa. La kulia linaona mwanga tu. Leo amenisalimia mimi nikiwa nyuma yake. Mbele yake lilikuwa pipa la maji; ndilo alilodhani ni mimi.

Mjomba amekuja na habari kutoka foni, ile redio ambayo wafanyabiashara huitumia kuzungumza na miji mingine. Kuna daktari wa macho Goma. Anapasua mtoto wa jicho. Atakuwapo mpaka mwisho wa mwezi, kisha anaondoka. Kampuni imempa Mjomba kiti kimoja. Kimoja tu. Ni cha Bibi.

Bibi amekataa.

Haogopi ndege. Anaogopa sare. Mwaka jana, kwenye bariera, kizuizi cha njia ya reli, askari walimwaga kapu lake la sombe na mmoja akamkanyaga mkono. Tangu siku hiyo, akisikia viatu vigumu anasimama na kunyamaza mpaka vipite. Amesikia kwamba ndani ya ndege kuna kijana mwenye vyeo mabegani.

"Muntu akiweka ile kitu ku mabega, mukono yake inatafuta fimbo," amesema.

Mama amelia. Bibi amemwambia asimharibie sala.

Nina hasira naye. Naandika ilivyo. Nina hasira na mtu mzima asiyeona.

Ijumaa, tarehe 8 Februari

Nimepata njia. Namsomea daftari la abiria.

Tumekaa nyuma ya nyumba baada ya sala ya alasiri, nimesoma kurasa nne. Polepole, kama alivyonifundisha Baba. Bibi alikuwa anamenya muhogo kwa kupapasa. Haoni kisu lakini hajikati.

Nimemsomea yule wa chumvi na gunia lake.

"Huyo alisinzia kwa sababu ya uvivu, si kwa sababu ya mchele. Namujua. Alisinziaka hata ku arusi yake."

Nimemsomea yule wa kikombe.

"Kikombe ya kweli? Na mukono yake?"

"Na mkono wake, Bibi."

"Soma tena, somo."

Ananiita somo kwa sababu nimepewa jina lake. Sote wawili ni Mwavita. Mama anasema sote wawili ni wabishi.

Nimesoma tena. Hakusema ndiyo. Lakini hakusema hapana.

Jumapili, tarehe 10 Februari

Hakuna ndege. Risasi upande wa reli tangu asubuhi. Tumekaa ndani, milango imefungwa, joto. Sombe bila chumvi. Nimehesabu: siku kumi na nane zimebaki.

Jumanne, tarehe 12 Februari

Ndege imeingia saa tano. Darasa zima tulinyanyua vichwa, hata mwalimu. Siku hizi hata mtoto mchanga anajua sauti ya ndege ya chumvi na ya ndege ya askari.

Leo sikungoja abiria waseme wanachotaka. Nimewauliza. Yule kijana ni mtu wa namna gani?

Anaitwa Fidele. Ni wa Bukavu. Mama mmoja muuza vitenge amenisimulia: ndege iliyumba, Fidele akamkanyaga mguu. Mama akajikunja, akingoja kutukanwa. Fidele akasema, "Samahani, mama." Mama akadhani hakusikia vizuri. Akamwuliza umesemaje. Fidele akarudia, akainama akaangalia kama kidole kimevimba.

"Andika ile," mama aliniambia, akimung'unya peremende aliyopewa ndegeni. "Andika kwanza ile. Mambo ya bonbon utaandika nyuma."

Tangu vita ianze, sijasikia mtu mwenye sare akisema samahani. Nimejaribu kukumbuka hata mmoja.

Bibi amesikiliza ukurasa huo kisu kikiwa kimesimama. Kisha ameuliza jambo ambalo sikulitazamia.

"Na mbele ya kufunga mulango, wanasema Bismillahi?"

Nimefungua kurasa zote. Hakuna aliyeandikisha hivyo.

"Basi," Bibi amesema. "Siingie mu nyumba yenye kufungwa bila jina ya Mungu, tena nyumba yenye kupanda juu."

Alhamisi, tarehe 14 Februari

Nimemwuliza Mjomba kama wanasema Bismillahi. Amecheka mpaka mizani ikatikisika. Rubani ni mzungu, hajui hata kusema jambo. Fidele ni mkristo. Abiria kila mmoja anasema yake moyoni.

"Mwambie bibi yako aseme mwenyewe, nani atamkataza?"

Nimemwambia. Bibi amesema haiko sawa. Mwenye mlango ndiye wa kusema.

Siku kumi na nne. Mjomba anasema kiti kina wiki moja, kisha atakipa mtu mwingine. Wanaokitaka wamejipanga mpaka nje ya ofisi yake. Kila mtu mjini anataka kupita kwenye mlango ule ule, na mtu wangu hataki.

Ijumaa, tarehe 15 Februari

Nimefanya jambo baya.

Nimeandika ukurasa katika daftari la abiria. Hakuna aliyeusema. Niliuandika peke yangu saa nane mchana, kwenye dawati la shule, baada ya wengine kuondoka.

*Mzee wa Kasongo. Nilikuwa na hofu. Kabla mlango haujafungwa kijana alisema Bismillahi, sisi tukaitika, nikatulia. Safari ilikuwa nzuri.*

Mwandiko ulikuwa mzuri. Hilo ndilo lililonitia aibu zaidi.

Nimemsomea Bibi. Nimeanza na kurasa mbili za kweli, nikauweka ule katikati, nikamalizia na mwingine wa kweli. Bibi ameweka kisu chini.

"Mwambie Salumu nitaenda," amesema.

Mama alimkumbatia. Alinikumbatia na mimi. Nilisimama kama mti.

Jumamosi, tarehe 16 Februari

Usiandike usichokiona wala usichokisikia.

Na kama akipanda, mlango ukafungwa kimya? Atakuwa huko juu, haoni kitu, akijua kwamba mjukuu wake ni mwongo. Hataweza kushuka.

Nikimwambia ukweli, hatakwenda, na jicho litazimika. Nisipomwambia, nimemfungia ndani mwenyewe.

Nimefika mlangoni kwake mara tatu. Mara ya tatu aliuliza, "Somo, unapima nyumba?" Nilisema natafuta kandambili.

Jumanne, tarehe 19 Februari

Amekwenda.

Kwenye bariera ya uwanjani askari walimwaga furushi lake: kitenge kimoja, tasbihi, chikwangue, ule mkate wa muhogo, ya njiani. Bibi alisimama na kunyamaza. Uso wake ulifungwa. Niliokota vitu vyake nikifikiri, atageuka sasa, atarudi nyumbani. Nusu yangu ilitaka ageuke.

Kwenye mizani alipima kilo thelathini na nane. Mjomba alisema kwa sauti ili watu wacheke: "Gunia la chumvi linamshinda. Vita imetufanyia nafasi ndani ya ndege." Watu wakacheka. Mimi nilimwangalia Bibi juu ya mizani, miguu pamoja, kidevu juu.

Fidele akashuka ngazi. Mwembamba, shati jeupe, vyeo mabegani, viatu vyeusi vigumu. Bibi alisikia viatu akaganda. Fidele alikuja haraka, na haraka hiyo ikamfanya akanyage pindo la kitenge cha Bibi.

"Samahani, koko," alisema, kama vijana wanavyowaita bibi zao.

Bibi aligeuza sikio. Kisha akasema, "Rudilia."

"Samahani, koko. Nimekukanyangia kitenge."

Bibi akanyoosha mkono. Ule uliokanyagwa. Fidele akaushika, wakapanda ngazi moja moja, naye alikuwa akimhesabia.

Nilitaka kupiga kelele kwamba ukurasa ule ni wa uongo. Nililibana daftari kifuani. Nilimwona Bibi mlangoni anageuza uso kwa Fidele, anasema kitu. Fidele akainama. Injini zikawaka, sikusikia lolote. Mlango ulikaa wazi muda mrefu kuliko kawaida. Mjomba aliangalia saa.

Kisha ukafungwa.

Jumatano, tarehe 20 Februari

Foni kimya. Labda ni mvua ya Goma, wanasema. Nimeshindwa kula.

Jumamosi, tarehe 23 Februari

Foni imesema. Maneno machache: mzee amefika, Jumatatu anapasuliwa jicho la kulia. Hakuna zaidi. Nilimwuliza mpiga foni kama hawakusema habari ya safari. Amesema kila neno ni betri.

Jumanne, tarehe 26 Februari

Ndege imeingia. Nilikuwa mezani na daftari. Mtu wa kwanza kushuka alikuwa Fidele, naye alikuja moja kwa moja kwangu.

"Wewe njo Mwavita mudogo?"

Nikasema ndiyo.

"Koko yako iko na sauti kupita moteri ya ndege."

Alikaa juu ya mizani, akavua kofia. Nitaandika alivyosema, bila kuongeza.

"Nilikuwa nafunga mulango. Ananishika mukono. Anasema, kijana, mulango haifungwi na mukono tu, sema Bismillahi. Nikamuambia, koko, mi ni mukristu wa Bukavu, siijue. Anasema, daftari ya mujukuu yangu inasema unaisemaka kila siku."

Nilitazama chini. Masikio yaliwaka moto.

"Nikamuambia, si miye. Akacheka. Anasema, najua. Ile ukurasa mutoto aliisoma mbio kupita zingine. Mutoto akikubali kubeba zambi juu yangu, mi siwezi shindwa kubeba mwili yangu. Basi tuifanye kweli, asibakie na zambi. Rudilia nyuma yangu."

"Ukarudia?" nilimwuliza.

"Mara tatu. Mara ya kwanza alisema nimeivunja. Bantu yote ikaitika, hata mama wa katolika mwenye kuku. Rubani alitoka kuuliza kama moto inawaka."

Akacheka. Mimi nililia, mbele ya abiria wote, karibu na mizani. Fidele akatoa bonbon mfukoni akaiweka juu ya daftari. Ni ile wanayowapa abiria ndege inapopaa, ili masikio yasizibe.

"Ya koko," alisema. "Alikataa kuikula. Alisema iko na mwenyewe."

Alhamisi, tarehe 28 Februari

Mvua tangu asubuhi. Hakuna ndege.

Foni imesema bandeji imetolewa. Muuguzi alimwonyesha Bibi vidole, akavihesabu vyote, kisha akamwambia muuguzi kucha zake ni chafu. Mama amecheka mpaka akakaa chini.

Bibi hatarudi karibuni. Viti vya kuja huku ni vichache, na Mjomba hana kingine. Njia ya Kampene bado imefungwa. Shamba bado liko Ulaya. Nitabaki hapa, mezani, karibu na mizani, nikiandika safari za watu.

Nimefungua daftari la abiria kwenye ukurasa ule. Nilifikiri nitauchana. Nimeusoma polepole, kama kurasa nyingine. Kijana alisema Bismillahi. Walioitika waliitika. Alitulia. Safari ilikuwa nzuri.

Nimebadilisha tarehe. Nimekata maneno matatu tu: *Mzee wa Kasongo*. Juu yake nimeandika jina la abiria: *Mwavita, wa Kindu*.

Wakubwa wa Goma hawatajua ni Mwavita yupi.

Bonbon ni ya limau. Nimeila nusu. Nusu nimeifunga ndani ya karatasi yake.