Sindano Nilizokuachisha

Dada yangu, Mama Kulwa,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini sijawahi kukusemesha bila shikamoo na sitaanza leo.

Arobaini yako imepita. Duka nalifungua mimi. Sindano zako mbili zilizobaki bado ziko kwenye friji, nyuma ya soda, na kila mteja akitaka ya baridi naziona.

Unakumbuka zilivyokusaidia? Daktari wa Mwanza alikuandikia kwa ajili ya sukari na ule mwili uliokuwa unakuchosha. Ulikuwa unajichoma kila Jumapili kabla ya kanisa. Miezi michache tu, ukawa unapanda ngazi za stoo ya mchele bila kuhema. Siku moja ulivaa gauni lako la usichana, likaingia, ukazunguka sebuleni unacheka. Mimi nilicheka kwa mdomo tu.

Mtaani walikuwa wameshaanza kusema. Kwetu mwanamke akikonda hakuna anayemuuliza anajisikiaje. Wanaulizana mume wake huko machimboni Geita anatembea na nani. Kwenye ile harusi ya kule Isaka nilikaa nyuma ya wanawake wawili, mmoja akamwambia mwenzake, "Yule kashaungua," yaani una UKIMWI. Nikaisukuma sahani ya pilau pembeni. Aibu ilikuwa yangu, Dada, wewe ulikuwa unacheza muziki.

Nikakuambia uache. Ukasema, "Daktari kanikataza kuacha bila kumwona." Nikakujibu huyo daktari haishi Kahama, hasikii yanayosemwa sokoni. Nikalia mpaka ukachoka. "Haya, mdogo wangu," ukasema, "kwa ajili yako."

Njaa ikakurudia kwa fujo. Unamaliza ugali, unauliza kama michembe, vile viazi vikavu, imebaki. Maji ulikunywa jagi kwa jagi, chooni huishi kwenda, macho ukasema yana ukungu. Na sisi tunashangilia mashavu! "Mama Kulwa umenawiri," wateja walikuambia, nami nikaitikia "Mungu mkubwa" utafikiri nimekuponya. Sukari ilikuwa inapanda, hakuna aliyekupima.

Ulipoanguka dukani tukakukimbiza hospitali. Sukari ilikuwa juu mno, kile kipimo kilishindwa hata kutoa namba. Daktari wa zamu akaniuliza, "Ameacha dawa lini?" Nikamwambia sijui. Nilijua, Dada. Nilijua hata Jumapili yenyewe.

Msibani nikasikia mtu anasema, "Afadhali kafa na mwili wake." Nilitamani kumrushia sufuria. Halafu nikakumbuka kwamba maneno hayo yalikuwa yangu kabla hayajawa yake.

Sasa sikia kilichonifanya nikuandikie. Kaka zetu walikwenda kwa mganga, wakasema mtu hawezi kunenepa vizuri hivyo halafu aanguke tu. Wamerudi na jina la mama mkwe wako. Yule bibi wa Runzewe aliyekuwa anakuletea maziwa kwenye basi, akikusihi unywe kidogo usije ukatapika kwa zile sindano. Macho yake mekundu kwa moshi wa kuni, na unajua kwetu macho hayo husomwa kuwa ya mchawi. Majirani zake hawapokei tena salamu yake. Kulwa na Doto, wajukuu aliowabeba mgongoni, wamekataa chakula chake. Ameitwa kikaoni Jumamosi ajibu, na vikao vya namna hiyo vimeshazika vikongwe wengi huku kwetu.

Nimenyamaza siku zote hizi. Niliona ni nafuu wamlaumu yeye kuliko mimi. Umesikia mdogo wako alivyo.

Nakuahidi, Jumamosi nitasimama mbele ya kaka zetu na mbele ya wanao, niseme ni mimi niliyekuachisha dawa, na kwamba hospitali nilidanganya. Wakitaka ushahidi, sindano mbili ziko kwenye friji, na daktari wa Mwanza atawaambia ni za nini. Kulwa hatanisamehe, ana hasira zako. Sitamwomba anisamehe.

Kwaheri, Dada. Bibi anafika na basi la asubuhi. Nitampokea mimi stendi, na kikaoni atakaa karibu yangu.

Mdogo wako,
Kabula