Cherehani ya Binti Yangu

Mdogo wangu wa tumbo moja,

Bwana asifiwe. Magoti yangu hayajambo, na paa halivuji tena. Sasa kaa vizuri nijisifie, maana nisipojisifia nitapasuka.

Unakumbuka, tangu amzike kichanga wake, binti yangu aliifunika cherehani kwa shuka. Kanisani alikwenda, ila kuimba hakuimba. Akina mama wakimwambia, "Mshukuru Mungu kwa yote," aliondoka zake, nami nikalia jikoni.

Juzi jirani yetu muuza mkaa alifiwa na bintiye mdogo. Akafukuza wafariji wote, hata mchungaji: "Nendeni na aya zenu." Binti yangu aliposikia, akaifunua cherehani, akashona kigauni cheupe cha maziko, chenye lesi shingoni, mishono imenyooka kama imepigwa rula. Akakipeleka. Nikamfuata, unanijua.

Jirani akamuuliza, "Na wewe umeleta aya gani?"

"Sina aya, dada. Nimeleta nguo. Wa kwangu sikuweza kumshonea."

Wakalia wote wawili, wameshikana. Kisha jirani akasema, "Haya, niombee wewe." Na mwanangu, ambaye hakuwa ameomba kwa sauti tangu msiba wake, akaomba. Mchungaji, aliyekuwa bado amesimama nje, alivua miwani akaifuta.

Jumapili waliingia kanisani pamoja, nami nikakaa mbele kabisa ili watu wamwone aliyemzaa.

Usiucheke mwandiko wangu. Meza inatikisika, cherehani iko kazini juu yake.

Dada yako,
Mama wa fundi