Wiki ya Mama kwa Robo Saa

Bweni la Wanawake,
Chumba cha 14.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi na watoto, na kwamba kile kikohozi chako kimekuacha. Mimi sijambo, ila nimechoka mpaka uchovu wenyewe umenizoea. Baba naye hajambo, kustaafu kumemkubali. Habari za Mama ndizo zilizonifanya nishike kalamu, kwa hiyo nivumilie.

Najua ukisikia sayansi kimu unacheka. Tangu nichaguliwe kusoma fani hii umeniita Profesa wa Sufuria, na jina nimelipokea. Lakini mwaka huu wa tatu hatupiki sana. Tunasoma jinsi familia inavyotumia ilicho nacho: chakula, nguvu, muda. Kazi yetu kubwa ya muhula ilikuwa kukaa wiki nzima katika kaya moja na kuandika, kila robo saa, nani anafanya nini. Nikachagua kwetu. Ulikuwa uvivu tu, nilijua nitakula vizuri.

Sharti la mhadhiri wetu ni kwamba mtazamaji hagusi kazi. Ukiosha hata kikombe, umeharibu takwimu. Basi nikakaa kwenye stuli mlangoni, karatasi mapajani, mtoto wa kike mzima, namwangalia mama yangu akipandisha beseni la nguo ghorofa tatu hadi kwenye kamba za kuanikia. Siku ya kwanza alidhani naumwa. Ya pili akaniuliza, "Kumbe chuo kinafundisha kukaa?" Ya tatu hakuuliza tena, na hapo ndipo nilipoona aibu kweli. Nilivumilia kwa sababu nilitaka alama, Kaka. Sikufichi.

Safu ya Baba niliijaza bila taabu: gazeti, redio, usingizi, redio. Safu ya Mama ilinimalizia karatasi. Anaanza saa kumi na moja alfajiri. Goti lake la kulia limevimba. Akipanda ngazi anatanguliza mguu wa kushoto, kisha anauvuta wa kulia. Hajakwambia, wala mimi hakuniambia. Nimeliona kwa kuwa nilikatazwa kufanya lolote isipokuwa kutazama.

Sasa nije kwenye barua uliyomwandikia. Alinisomea mwenyewe, kwamba shule zikifunguliwa watoto wako wawili watakuja kukaa naye, "maana Mama yuko tu nyumbani." Amekubali, tena kwa furaha, na ameshapanga watalala wapi. Simlaumu wifi, najua hizo kazi zenu za zamu zinavyowabana. Na watoto hao ni wangu pia, nawapenda. Ila hilo "yuko tu" limenikaa kooni.

Kabla ya kukabidhi fomu, anayetazamwa lazima aisome na kutia sahihi. Mama akavaa miwani ya Baba, akapitisha kidole polepole, Jumatatu, Jumanne. Wiki nzima nilikuwa nimeweka alama moja tu kwenye "kupumzika": Jumatano, saa tisa alasiri, amekaa kimya, amenipa mgongo. Nilifurahi sana nilipoiweka. Kidole kikasimama pale pale.

"Hapa umekosea, mwanangu. Nilikuwa nachambua mchele."

Nikafuta. Akatia sahihi, na palipoulizwa kazi yake akaandika: Hana.

Kaka yangu, nakuomba ubaki na watoto huko huko. Wala usimwambie ni kwa ajili ya goti, maana atasema anaweza, na wewe utamwamini kwa kuwa unataka kumwamini, kama sisi sote miaka yote hii. Mwambie mipango imebadilika. Akikuona kigeugeu, ni heri. Ukishindwa kabisa, nijulishe kabla shule hazijafunguliwa, niache chuo nirudi nyumbani. Siwezi tena kukaa kwenye stuli ile.

Msalimie wifi, umwambie sina kinyongo naye. Wabusu watoto, waambie shangazi yao anawakumbuka. Baba anakusalimu. Mama anasema ule vizuri, na kwamba yeye hana shida yoyote.

Mungu awalinde, awape wepesi katika kazi zenu.

Mimi mdogo wako, nikupendaye hata ninapokugombeza,

Profesa wa Sufuria