Sindano ya Odeta ya Kila Mwezi

Mirongo,
Mwanza.
19 Juni 1994

Mpendwa mdogo wangu Teodora,

Hamjambo huko Dodoma? Shemeji Mhoja na watoto wazima? Na ule mgongo wako, umeachia? Sisi tunapumua, Mungu anatubeba, ila sikudanganyi, moyo wangu hautulii.

Kwanza pokea furaha. Odeta wetu amechaguliwa kidato cha tano, hukohuko Dodoma! Mtaa mzima ni yeye tu, hata yule wa mwalimu mkuu hakupita. Mimi wa darasa la nne nimezaa kichwa cha namna hii! Nimetangaza nyumba kwa nyumba, hadi kwa wasioniuliza.

Sasa nisikilize. Unakumbuka alivyokuwa akiugua koo kila mara, mama mkwe akasema kimeo kikatwe? Kilikatwa, koo halikupona. Daktari akaja kutuambia ugonjwa ule wa koo umeshuka viungoni hadi moyoni. Dawa yake ni penisilini, sindano ya makalioni kila mwezi, kwa miaka mingi, aumwe asiumwe, ili koo lisirudi na moyo usizidi kuharibika.

Alikuwa anakwenda vizuri. Basi kule bombani Mama Chenge, jirani yangu, akadhani ni sindano ya uzazi wa mpango. Akanipigia kelele mbele ya watu, "Mama Odeta, mwanafunzi wako huyo kila mwezi sindano, anapanga uzazi na nani?" Wakacheka mpaka maji yakamwagika. Nikamjibu, "Anapanga kwenda kidato cha tano. Wa kwako anapanga nini?" Nikajiona nimeshinda. Kumbe mtoto alisikia yote.

Tangu hapo akawa anaaga anakwenda zahanati, anaishia kanisani kwa wanakwaya, halafu anarudi anachechemea ili nidhani amechomwa. Nami nampa pole!

Mwezi uliopita koo likarudi. Magoti yakavimba, akawa analala ameketi kwa kukosa pumzi. Tumelazwa naye hospitali. Ametoka, ila amekonda, na daktari anasema moyo umeumia zaidi. Akiacha tena sindano, hawatuahidi kitu.

Teodora, atapanda treni kuja kukaa kwako mwanzoni mwa Julai. Usimtume hospitali, mpeleke mwenyewe, usimame hapo mpaka achomwe. Akikwambia atanunua vidonge vya rangi mbili ameze, kwenye haya maduka ya dawa yaliyozuka kila kona, kataa. Mimi amekwisha kunijaribu.

Watu wa huko nao watauliza, na watasema. Unanijua ninavyopenda sifa, mdogo wangu. Safari hii waache waseme watakavyo juu ya binti yangu, hata kanisani, mradi awe anapumua.

Baba Odeta anakusalimu. Nibusie Paulo na Winnie, na shemeji mpe shukrani zangu kabla hajachoka na mgeni. Bikira Maria awafunike nyumba nzima.

Dada yako akupendaye sana,
Dorotea