Unyayo wa Mkaguzi

Jumatatu, 3 Machi

Binti yetu ametuletea simu mpya yenye kamera kali. Si ya anasa. Tangu nikatwe uvimbe wa saratani kisiginoni mwaka jana, nesi wa kliniki anataka picha ya unyayo kila mwanzo wa mwezi, ili nisisafiri bure. Lakini mtu hauoni unyayo wake mwenyewe. Nimejaribu. Nimelala chali kitandani, nimeinua mguu, nimenyoosha mkono – nimepata picha nzuri ya dari, kisha kiuno kikanikamata.

Basi mke wangu akapiga. Nusu ya picha ni kidole chake. Nusu nyingine ni ukungu. Pembeni mwa kovu kuna kitu cheusi, lakini picha mbovu huzaa vivuli. Nimemwambia kazi kama hii haipelekwi ofisini mwa watu. Nimekagua shule maisha yangu yote. Kazi ambayo haijakamilika ninaijua.

"Mguu ni wako, Bwana Mkaguzi," akasema, "ila mimi nimeona nilichoona."

Alama ishirini na tano. Kwanza atafunzwa. Tutaanza bustanini, kwa vitu visivyouma.

Jumatano, 5 Machi

Somo la kwanza: waridi. Nimemweleza habari ya mwanga, umbali, na kuzuia pumzi. Nimepiga picha ya mfano: ua katikati, shina wima, hakuna kilichopinda. Yeye akachuchumaa, akainamisha kichwa, akalipiga ua upande upande, na sisimizi juu yake akiburuta bawa la nzi kubwa kuliko yeye.

Tumeziweka zote mbili kwenye grupu la familia. Yake imepata mioyo chungu nzima. Yangu imepata dole gumba moja, la mkwe wetu. Yule ana wajibu.

Nimempa hamsini, kwa kuwa ua limepinda.

"Sisimizi hakupinda," akasema.

Jioni ameuliza kama tupige mguu leo. Nimemwambia mwanafunzi haruki darasa.

Ijumaa, 7 Machi

Somo la pili: mjusi. Yule mwenye kichwa chekundu, anayekaa juu ya ukuta akitikisa kichwa kukubali kila hoja. Mke wangu humwita Mwenyekiti. Nimemweleza kwamba atakayempata mjusi asiyetulia, unyayo uliotulia hautamshinda.

"Unyayo wako ndio usiotulia," akasema. "Kila nikiutaka, una mkutano."

Nimemwambia haraka haraka haina baraka. Akanijibu ngojangoja huumiza matumbo. Sare.

Picha za leo: ukuta mtupu, ukuta mtupu, mkia. Thelathini.

Baadaye binti amepiga simu. Nimemsikia mke wangu jikoni akimwambia kwa sauti ya chini kwamba bado, baba yako ananifundisha mijusi. Akasikiliza swali. Kisha akasema ndiyo, nimeliona hilo doa, na si dogo.

Nilikuwa nimekwenda kuchukua maji. Nimerudi bila maji.

Jumatatu, 10 Machi

Amempata. Mwenyekiti yuko hewani, kinywa wazi, na nzi mbele yake anaonekana hadi mishipa ya mabawa. Nimetafuta kosa tangu chai ya asubuhi. Nimempa tisini na tisa. Mia sijapata kumpa mtu. Mia ni ya Muumba, naye hajawahi kuniletea madaftari.

"Basi nimehitimu," akasema. "Vua soksi."

Nimemwambia mwanga haufai, kuna mawingu. Akatazama juu. Nami nikatazama juu. Mbingu ilikuwa imefutwa kama ubao wa siku ya kufunga shule.

"Mficha maradhi –" akaanza.

Nimemwambia methali hiyo ninaijua.

"Kama unaijua, imalize."

Nimekwenda kumwagilia mboga ambazo zilikuwa zimekwisha kumwagiliwa.

Jumanne, 11 Machi

Simu haimtoki tena mkononi. Nimetoa kabatini kamera yangu ya kazini, ile niliyopigia vyoo vya shule kwa ajili ya ripoti. Karibu na bomba palikuwa na jongoo anavuka jani, miguu yote ikienda kwa zamu, nidhamu ambayo sikuiona katika gwaride lolote. Jongoo hapandi kwako. Wewe ndiwe unayeshuka. Nimevua kandambili, nimepiga magoti, nimeweka viwiko chini na makalio juu – hali ambayo walimu niliowakagua hawapaswi kuiona.

Nikasikia kamera ikilia. Nilidhani ni yangu. Ikalia tena, na kidole changu hakijabonyeza kitu.

"Tulia hivyo hivyo," mke wangu akasema nyuma yangu. "Mwanga unafaa. Hakuna mawingu."

Ningeinuka kwa hasira, lakini magoti yangu yanahitaji kuarifiwa mapema.

Kisha akaituma. Kwenye grupu la familia! Anaapa kwamba ni kidole kilichoteleza. Unyayo wangu, wenye tope, mbele ya mashemeji na wakwe. Mdogo wangu ameuliza kiazi hicho kimevunwa shamba gani. Mkwe ameweka dole gumba. Kisha ameliondoa. Kisha ameomba radhi kwa aya nzima.

Binti ameipeleka kliniki moja kwa moja.

Jumatano, 12 Machi

Nimeitazama. Peke yangu, mezani, kwa miwani. Nimeikuza kwa vidole viwili kama nilivyoonyeshwa. Kila ufa wa kisigino unaonekana. Punje za mchanga zinaonekana. Kovu linaonekana, hata mahali nyuzi zilipopita. Na pembeni mwake, doa. Ukubwa wa punje ya dengu, kingo zake hazikunyooka, upande mmoja mweusi kuliko mwingine.

Si kidole. Si ukungu. Si kivuli.

Nimetafuta kosa la picha. Nimetafuta sana.

Mia.

Sijamwambia.

Nesi amejibu: nije Ijumaa, daktari atakata kipande akipime. Mwishoni ameuliza nani amepiga picha hii, maana hawajapata kuletewa iliyo wazi namna hii. Mke wangu amemsomea jirani ujumbe huo kupitia juu ya uzio. Mwisho wake tu.

Anasema Ijumaa ataingia nami kwa daktari. Nimemkumbusha kwamba huko huingia peke yangu, tangu mwanzo, na utaratibu ni utaratibu.

"Peke yako umeshindwa hata kuupiga mguu wako," akasema, akaendelea kukunja nguo.

Ijumaa, 14 Machi

Ninaandika ukumbini mwa kliniki. Benchi gumu. Dirishani kuna chungu chenye mmea uliosahauliwa, na buibui amejenga humo. Mke wangu amepiga magoti sakafuni na simu yake. Watu wanampita kushoto na kulia. Wiki mbili zilizopita ningehamia benchi jingine. Sasa nimejikuta nimemshikia mkoba, na ninawaagiza watu wazima wasimzibie mwanga. Wanatii. Sauti ya ukaguzi bado ipo.

Nimemwambia kwamba nimempa mia.

"Ya mjusi?" Hakuinua kichwa.

"Ya mguu."

Akaishusha simu, akaiinua tena. Kisha akasema nimsogezee pazia. Nimelisogeza.

Mlango umefunguliwa. Nesi ameita majina yangu yote matatu, kwa mpangilio sahihi. Nimesimama. Nilidhani nimeshika ukuta. Nilikuwa nimeshika bega la mke wangu.

Nesi anasema wagonjwa huingia mmoja mmoja. Nimemjibu kwamba mgonjwa hapa ni mmoja tu. Huyu ni mpiga picha. Amemtazama, ameitazama simu, amekwenda kumwuliza daktari. Mlango ameuacha nusu wazi. Mke wangu anafuta kioo cha kamera kwa ncha ya mtandio.

Mimi nimekwisha kuvua soksi.