Bibi, Ng'ambo Ni Wapi?

Bibi yangu, mke wangu mkubwa,

Najua hukujua kusoma. Barua zote zilizofika nyumbani Titye nilikusomea mimi, na ukinishuku nimeruka mstari ulinirudisha: "Soma tena, umekimbia." Hii hakuna wa kukusomea, basi naiandika kwa hasira zangu mwenyewe, na sikimbii mstari hata mmoja.

Nimechoka, bibi. Nilianza chuo 2012, nimemaliza mwaka huu wa 2015, nina digrii ya siasa na uhusiano wa kimataifa, na paspoti yangu haina mhuri hata wa kusingizia. Kila nikiifungua nakukumbuka wewe, na kila nikikukumbuka najikasirikia upya.

Unakumbuka siku nilipokueleza nakwenda kusomea nini? Ulikuwa uani unamenya muhogo. Nikasema siasa. Ukasema, "Siasa nayo inasomewa? Mbona mwenyekiti wa kijiji hajaisomea na anaisema mchana kutwa?" Nikaongeza uhusiano wa kimataifa, namna nchi zinavyoishi na jirani zake. Ukatupa ganda la muhogo. "Ah, ujirani. Basi mwambie mwalimu wako aanze na mama Yusta hapo, mbuzi wake wananimalizia maharage." Nilicheka, lakini moyoni nilikuona mshamba. Nalisema leo kwa sababu jana sikulisema.

Mwanzoni mwa 2014 nikaja na habari kubwa. Chuo kilikuwa kinapeleka wanafunzi wachache Ujerumani wakasome mwaka mzima, kisha warudi kumalizia, na jina langu lilikuwamo. Nikakwambia, "Bibi, nakwenda ng'ambo!" Kiswahili chako kilikuwa cha sokoni, cha bei na salamu, neno hilo halikuwamo.

"Ng'ambo ni wapi?"

Nikachukua neno la Kiha lililokuwa karibu. "Ng'ambo ni hakurya, bibi. Kama hakurya ya mto Malagarasi."

Ukapiga makofi. "Kumbe! Basi hata mimi nimetoka ng'ambo!" Ukacheka mpaka ukafuta machozi kwa ncha ya kanga, ukanisimulia kwa mara ya mia ulivyovushwa kwa mtumbwi ukiwa mwali, kutoka kwenu upande wa Kibondo kuja kuolewa na babu huku Kasulu, umefunikwa kanga gubigubi usione maji. Halafu ukatoa amri: "Huko uendako ukichukua Mzungu, mwambie mke mkubwa yupo. Akifika hapa aniamkie kwanza." Jioni ile ulimwambia kila aliyepita njiani kwamba mumeo anakwenda ng'ambo. Ulilipenda lile neno, ukawa unalitamka kama mtu anayejaribisha viatu vipya.

Kilichobaki kilikuwa paspoti. Mtu wa mkoa mwingine akiomba paspoti anaulizwa picha. Sisi wa huku mpakani tunaulizwa babu. Nilipeleka cheti changu cha kuzaliwa, nikaambiwa cha baba. Baba ameshafariki na cheti hakuwahi kuwa nacho. Nikapeleka barua ya kijiji, nikaambiwa njoo kesho. Nikaja kesho, nikaambiwa mhusika hayupo. Mhusika akapatikana, akataka mkubwa wa ukoo aje ajieleze kwa mdomo wake. Mkubwa wa ukoo alikuwa wewe, na magoti yako yale.

Njia nzima kutoka Titye mpaka mjini nilikuwa nakufundisha. "Bibi, Kiswahili tu. Yule bwana si wa huku. Ukiongea Kiha atasikia Kirundi, na hapo tumekwisha."

"Hata salamu nisimpe ya kwetu?"

"Hata salamu."

Uliingia mle ofisini na kanga yako mpya. Mikono ilianza kupanda ipige makofi ya salamu zetu, ukanitupia jicho, ukaishusha ukaiweka mapajani. Ukasema, "Habari za kazi, baba." Vizuri kabisa, kama mtoto wa shule. Mimi nimekaa ubavuni pako najisifu moyoni kwamba nimekufundisha.

Akakuuliza, "Bibi, kwenu wapi?"

"Titye."

"Hapohapo ndipo ulipozaliwa?"

"Hapana, baba. Mimi nilitoka ng'ambo, nikaja kuolewa."

Akaandika. Hakuinua hata kichwa. Na wewe ukanigeukia kwa tabasamu, maana ulikuwa umetumia neno letu. Nami, msomi wa uhusiano wa kimataifa, niliyeandika insha juu ya mipaka iliyochorwa na wakoloni nikapata A, nikakutabasamia. Wallahi sikusikia kitu! Masikio yangu yalisikia mtumbwi, mto, upande wa Kibondo. Kalamu yake ilisikia nchi nyingine, na Malagarasi hiyohiyo kule juu ndiyo mpaka na Burundi.

Wiki zikapita. Nikapigwa danadana mpaka nikawajua walinzi kwa majina. Siku nilipopata mtu wa kunifungulia faili, nikasoma kwa macho yangu: bibi mzaa baba ametoka nje ya nchi, suala lipelekwe kwenye uchunguzi. Nikaeleza. Nikaapa. Nikaomba nikulete tena. Nikaambiwa uchunguzi hauharakishwi. Chuo kikasubiri, kikachoka kusubiri, nafasi yangu ikapewa mwenzangu aliyekuwa wa akiba. Alinitumia picha amesimama kwenye theluji amevaa koti kama godoro. Aliandika, "Ndugu yangu, huku baridi!" Nikaizima simu.

Nikaja kwako na hasira zote hizo, kwa kuwa yule bwana wa kalamu sikuweza kumfokea. Uliyekuwa karibu ni wewe. "Nani alikutuma useme ng'ambo?" nilipiga kelele mpaka mama Yusta akachungulia. "Mdomo uliponza kichwa, bibi! Kichwa changu!"

Hukunijibu kwa ukali, na ungeweza. Uliweka chini kisu cha muhogo. "Nilidhani watafurahi," ukasema. "Wewe unaomba kwenda ng'ambo. Nikaona wakijua hata mimi nimetoka ng'ambo, watasema hawa watu ni wa safari, waacheni waende."

Ulikuwa unanisaidia. Ulilichukua neno nililokupa mimi, nikalieleza vibaya mimi, ukaenda kunitetea nalo. Siku ile ningeshika miguu yako ningekuwa nimefanya la maana. Badala yake nikachukua begi langu nikaondoka asubuhi yake bila kukuamkia. Mume gani huyo?

Chuoni nilijiambia nitarudi nimepoa. Kila nikitaka kupiga simu ya shangazi nikupate, nasema wiki ijayo. Mwaka huu, katikati ya mitihani ya mwisho, shangazi akapiga yeye. Nilipofika Titye udongo wa kaburi lako ulikuwa umeshakauka juu. Shangazi akasema ulikuwa ukiniulizia: mume wangu bado amenuna? Walikujibu hapana, ana mitihani. Walidanganya, bibi. Nilikuwa nimenuna.

Paspoti ilitoka baadaye. Kaka yako wa upande wa Kibondo alikwenda mwenyewe, akaonyesha kaburi la baba yenu na shamba la ndizi mlikozaliwa, na suala likaisha kwa siku moja. Siku moja! Mtu mmoja aliyetaja jina la kijiji! Sijui nicheke au nilie. Maji yakimwagika hayazoleki, nayajua hayo, wala siandiki ili nizoe.

Naandika kwa sababu ya jambo la juzi. Kazi niliyopata na digrii yangu ni ya kuandikisha wakimbizi kambini. Mwaka huu Warundi wamevuka wengi, na mimi nimekaa nyuma ya meza na kalamu yangu, namuuliza kila mtu umetoka wapi. Ndiyo, bibi. Mimi sasa ndiye yule bwana.

Juzi akaja mama mmoja mzee, kapanguswa vumbi usoni na mjukuu wake, magoti kama yako. Aliponikaribia akapiga makofi taratibu, salamu nzimanzima, akangoja niipokee. Nikaipokea yote mpaka mwisho. Wa nyuma wakaanza kuguna. Nikamuuliza ametoka wapi.

"Hakurya," akasema.

Mwenzangu wa meza ya pili akanambia, "Andika Burundi, kaka, foleni ndefu." Na ni kweli ilikuwa Burundi, hapakuwa na kosa lolote la kuandika hivyo. Lakini mkono uligoma. Nikaweka kalamu chini nikamwambia, "Hakurya ya wapi, bibi? Kilima gani? Kwa nani?"

Akanitazama kama asiyeamini kwamba ameulizwa. Akakitaja kilima chake. Akataja mto ulio chini yake, na jirani mwenye mbuzi wasumbufu, na mahali alipoolewa, ambapo hapakuwa pale alipozaliwa. Niliandika mpaka pembeni mwa fomu, nikageuza nyuma. Msimamizi wangu alinigombeza mbele ya watu wote kwamba nachelewesha kazi, na nimeahidi sitarudia. Nitarudia.

Ni hayo tu, bibi. Swali lenyewe ni fupi, halihitaji chuo. Yule bwana hakuliuliza, namlaumu na nitaendelea kumlaumu. Ila yeye hakukujua. Mimi nilikaa ubavuni pako, kijiji chenu nakijua kwa jina, hadithi ya mtumbwi naijua mpaka rangi ya ile kanga, na nilinyamaza nikitabasamu.

Uko hakurya sasa, na mara hii nimelieleza neno sawasawa. Mwambie babu kwamba mumeo mdogo ameacha kununa.

Mimi niliyeondoka bila kukuamkia,
shikamoo, bibi.
Mumeo, mjukuu wako