Mafuta Uliyotia Kwenye Chujio

Muscat

Dada yangu Vero,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeshaitikia zote mbili, ya pili kwa sauti kubwa kuliko ya kwanza, kama kawaida yako. Mama hajambo? Kifua chake bado kinambana asubuhi ukungu ukishuka? Na hapo Nyandira mvua imewakuta wapi, karoti zimeshachipua au mnaangalia mawingu tu? Mimi ni mzima. Kazi ni ile ile ya ghala la vipuri vya magari, na joto ni lile lile ambalo nikilieleza mnadhani natia chumvi. Salamu zimeishia hapo, dada. Yaliyobaki ni aibu. Nimeona niyaandike kwa mkono, kwa sababu kwenye simu ukishaniambia "yaishe, Deo," mimi huwa nashukuru na kukimbia.

Ni kuhusu lile chujio la hewa la pikapu.

Nataka ujue nilivyolichagua, maana hilo sijawahi kukwambia. Wewe uliniomba ea klina ya kawaida, ya karatasi. Ulisema vumbi la kutoka Mlali kupanda linaiziba upesi, kila mara unaipuliza kwa upepo pale gereji na kuigongagonga kwenye tairi. Mimi nikaona karatasi ni kitu cha mtu asiye na ndugu Uarabuni. Nikaamua nikutafutie la kuoshwa na kurudishwa, likae miaka. Wazo lenyewe halikuwa baya. Ghalani kwetu yapo ya aina mbili. Moja ni la kitambaa kikavu, la kijivu, halina sura yoyote. Unaliosha kwa maji na sabuni, likikauka unalirudisha, basi. Jingine ni la pamba, jekundu, zuri kweli kulitazama, lakini kila likioshwa lazima lipakwe mafuta yake maalumu, mepesi, ndiyo yanayonasa vumbi. Bila hayo mafuta vumbi linapita kama mlango umeachwa wazi.

Mtu mwenye akili anayemchagulia dada yake anayebeba kabichi milimani angechukua la kijivu. Mimi nilichukua jekundu kwa sababu wenye magari makubwa ndio walioligombania, na kwa sababu nilitaka mafundi wa Mlali wakifungua boneti waulize limetoka wapi, nawe unitaje. Sababu ni hiyo tu, sina nyingine ya kukupamba nayo.

Chupa ya mafuta yake ilikuwa hapo hapo kwenye rafu. Yule mtu aliyekuja na mzigo wangu alikataa kubeba vitu vya majimaji kwenye begi lake, na mimi sikubishana naye, nikaiacha. Nikakurekodia sauti huku natembea, najisikia fundi mkuu: "Likichafuka lioshe, likauke, halafu litie mafuta. Mafuta utapata hapo hapo, wala usihangaike."

Nawe ulifanya nilivyosema. Pikapu ikaanza kukosa nguvu, ikawa inatweta kwenye kona za Langali, mpaka ikagoma kabisa siku ambayo watu walikuwa wameshapanga magunia ya njegere barabarani wanakusubiri. Njegere za watu zikageuka njano. Ukanitumia picha ya chujio. Lilikuwa kavu, mpira wa pembeni umevimba na kuachia, vumbi limeshapita kwenda ndani. Nikakuuliza kama ulitia mafuta, ukasema ulitia. Nikakuuliza tena kwenye simu, Mama na Mjomba Anthoni wakiwa wanasikiliza, ukasema, "Deo, mafuta nilitia, tena nililiacha likalowa kabisa."

Nikacheka. Kile kicheko, dada, nikikikumbuka nachukia hata koo langu. Nikasema, "Mjomba, huyu anadanganya. Hilo halijaona hata tone." Halafu nikaongeza jambo ambalo hakuna aliyeniuliza, kwamba gari linataka mtu makini na ingefaa apewe Kasiani. Gari wewe ndiye uliyelifanya likawa kitu. Wewe ndiye unayejua nani ana karoti wiki hii na nani anasubiri mbolea yake ipande. Lakini kwetu mjomba akishasema ndiyo imetoka, na alisema kwa kunisikiliza mimi niliye mbali. Akachukua ufunguo akampa Kasiani, mwanawe. Wewe hukubisha. Nikakuona umeshikwa na hatia, ndiyo maana umenyamaza.

Sasa sikia lililonipata. Hapa nafanya kazi na Hamadi, Mpemba mmoja mpole sana. Majuzi mteja alileta chujio jekundu kama lile, anataka tumwoshee. Hamadi akaliosha, akalianika. Nikamwambia, "Likishakauka litie mafuta." Akachukua kidumu akaelekea mlangoni.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Nakwenda sheli. Si umesema nitie mafuta? Sasa nichukue petroli ama dizeli?"

Nikasimama pale nimeshika boksi la watu. Nikamwonyesha ile chupa, nikamwambia nilikuwa na maana ya haya. Hamadi akanishangaa. "Sasa si ungesema nilipake, tena ungesema nilipake mafuta yake. Ukishataja gari ukasema tia mafuta, mtu atakwenda wapi?"

Atakwenda wapi, Vero? Kwetu kila kitu ni mafuta, ya kula, ya taa, ya kujipaka. Lakini penye gari, ukimwambia mtu wa Morogoro yeyote atie mafuta, atatafuta kidumu. Tena nilikwambia yanapatikana hapo hapo. Ulilichovya kwenye petroli kama nilivyokuagiza. Petroli ikala mpira, ikakauka yenyewe, chujio likabaki kavu bila kinga. Uliposema ulitia mafuta ulikuwa unasema kweli, neno kwa neno, na neno lenyewe lilikuwa langu. Nikakuita mwongo mbele ya mama aliyetuzaa.

Nilikwenda kukaa nyuma ya maboksi ya breki kama mtu anayehesabu mali. Sikukupigia. Kila nikishika simu naona nitakavyoanza, nairudisha mfukoni. Mwisho nikajikaza nikampigia Mjomba, nimwombe akurudishie ufunguo, nimwambie kosa ni langu toka kwenye kuchagua mpaka kwenye kusema. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akakohoa.

"Mjomba," akaniambia, "kwani wewe leo ndiyo umejua?"

"Nimejua nini?"

"Hiyo ya petroli. Vero alijua siku ile ile, fundi alipomwambia chujio lile lina mafuta yake maalumu. Alikaa jikoni kwa mama yako akairudia sauti yako, akacheka mpaka akatoa machozi. Kasiani aliendesha safari mbili, akasema barabara ile haiwezi. Ufunguo anao dada yako siku nyingi. Ametia ea klina ya karatasi na anashuka na mzigo hadi sokoni Mawenzi kama zamani."

Nikamuuliza kwa nini hamkuniambia.

"Alitukataza. Alisema, 'Mwacheni Deo adhani ni mimi. Akijua ni yeye ataona aibu, na kule hana hata mtu wa kucheka naye.'"

Nikamwambia Mjomba mtandao unasumbua, nikakata simu. Kwa hiyo muda wote ule niliokuuliza unafanya nini ukaniambia unapalilia, ulikuwa kwenye usukani. Nilikuita mwongo ulipokuwa unasema kweli, na uongo ulipokuja kuusema, uliusema kwa ajili yangu. Sijui mtu anaombaje radhi kwa jambo kama hilo. Nakuomba radhi hivyo hivyo, bila kujua.

Kuhusu chujio, sasa utachagua mwenyewe. Ukitaka lile la kijivu la maji na sabuni, sema. Ukipenda kubaki na karatasi, nitakutumia karatasi na sitatia neno.

Nisalimie Mama, mwambie mwanawe wa mwisho anampigia magoti. Nisalimie Mjomba Anthoni, na mkewe aliyekuwa anacheka nyuma yake wakati naongea, nilimsikia. Nisalimie Kasiani, yeye amekuwa mwungwana kuliko mimi. Wenye njegere nitawaomba radhi mmoja mmoja nikija, wala usinisemee.

Nipigie, dada. Usianze na "yaishe." Anza kwa kunicheka, mpaka ushibe, nami nitakuwa nakusikiliza.

Mdogo wako,
Deo